Koma na nukta za Kiingereza: ndani ya alama za kunukuu au nje?

Mhariri_Arua anauliza:

Salaam wadau. Tunatayarisha ripoti ya mradi wa maji kwa Kiingereza, kurasa 60 hivi, pamoja na kijitabu cha hadithi kwa watoto wa P5 hadi P7 (darasa la tano hadi la saba). Wasahihishaji wako watatu na kila mmoja ana sheria yake ya alama za kunukuu. Wa kwanza anaingiza koma na nukta ndani kila mara. Wa pili anazitoa nje kila mara, anasema ndivyo Uingereza wanavyofanya na sisi tulirithi kwao. Wa tatu anafuata jicho lake tu. Zinazotugombanisha hasa ni hizi nne:

1. The chairman called the road “a shame.” / “a shame”.

2. “The borehole is dry,” said the woman. / “The borehole is dry”, said the woman.

3. Did he say, “We have no water?” / “We have no water”?

4. To pay the water fee, dial “\*165#.” / “\*165#”.

Halafu, alama ziwe moja moja au mbili mbili? Sura moja imetoka kwa wenzetu wa Bunia, Kongo, na kila nukuu ndani yake imefungwa kwa vile vishale « ». Nikivibadilisha kimoja kimoja nitamaliza Krismasi.

---

Kalamu_Nyekundu:

Ndugu Mhariri, wa kwanza na wa pili kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, ndiyo maana hawatapatana. Desturi zipo mbili, ya Marekani na ya Uingereza, na zinapotengana ni padogo kuliko watu wanavyodhani: ni kwenye koma na nukta tu. Nuktambili, nuktamkato, alama ya kuuliza na alama ya mshangao hukaa mahali pamoja kote kuwili.

Marekani, koma na nukta huingia ndani ya alama ya kufungia daima, hata kilichonukuliwa kikiwa neno moja:

The chairman called the road “a shame.”

He wrote “urgent,” “final,” and “paid” on the same receipt.

Uingereza, kabla ya kuweka alama unajiuliza: hii ni ya nani? Ikiwa ni ya yule aliyesema, iingie ndani. Ikiwa ni ya sentensi yako wewe unayesimulia, ibaki nje:

The chairman called the road ‘a shame’.

He wrote ‘urgent’, ‘final’ and ‘paid’ on the same receipt.

Mwenyekiti katoa maneno mawili tu. Nukta inafunga sentensi yako, si yake. Lakini ukimnukuu sentensi nzima, nukta inahamia ndani hata kwa Waingereza, kwa kuwa sasa aliyemaliza kusema ni yeye:

The chairman said, ‘This road is a shame.’

Na hapo usiongeze nyingine nje. Nukta moja huku na nyingine kule, alama ya kufungia ikiwa katikati kama mfungwa kati ya askari wawili, ni kosa kwa desturi zote mbili.

Sentensi yako ya pili ndiyo inayomponza msahihishaji wa pili. Kasikia “Uingereza huweka nje”, basi anatoa nje kila anachokutana nacho. Jiulize swali lilelile. Mwanamke alisema sentensi kamili, The borehole is dry, na sentensi hiyo ilistahili nukta yake. Kwa kuwa maelezo yanaendelea na said the woman, nukta imevuliwa ikavishwa koma. Koma hiyo ni ya mwanamke, kwa hiyo inakaa ndani, London na Chicago pia:

‘The borehole is dry,’ said the woman.

Penye utata wa kweli ni pale unapomkatiza msemaji katikati. Mwanamke hakuweka koma yoyote baada ya neno borehole. Umeiweka wewe ili upate nafasi ya kumtaja. Kanuni kali ya Oxford basi inaitoa nje:

‘The borehole’, said the woman, ‘is dry.’

Hata huko wachapishaji wengi wa hadithi hawaifuati, huiingiza ndani waishi kwa amani. Kwa kijitabu cha watoto ningefanya hivyo hivyo. Mtoto wa P5 hajui tofauti hiyo wala haitamsaidia kitu.

Mkikatiza usemi, tazameni herufi inayofuata na alama iliyo baada ya msemaji:

“The borehole,” said the woman, “is dry.”

“The borehole is dry,” said the woman. “We fetch water from the river.”

Wa kwanza ni sentensi moja iliyokatwa, kwa hiyo is haina herufi kubwa. Wa pili ni sentensi mbili. Baada ya woman kuna nukta, na We ina herufi kubwa. Hadithi nyingi huweka koma pale penye nukta na sentensi mbili zikashonwa kwa uzi mmoja. Kosa hilo halionekani kwa haraka, kwa sababu alama za kunukuu zenyewe ziko sawa kabisa.

Sasa ya tatu. Alama ya kuuliza hufuata mwenye swali:

Did he say, “We have no water”?

He asked, “Do we have water?”

Did he ask, “Do we have water?”

Wa kwanza: anayeuliza ni wewe, yeye alitoa taarifa tu. Wa pili: anayeuliza ni yeye. Wa tatu: mnauliza wote wawili, lakini alama inabaki moja, ile ya ndani. Usiweke mbili, na usiweke nukta baada yake. Hapa Wamarekani nao wanatumia akili ileile ya Waingereza, na mtu akikuambia kwamba Marekani “kila kitu huingia ndani”, mwonyeshe sentensi hii.

Na swali likitangulia msemaji, hakuna koma, wala neno linalofuata halipewi herufi kubwa:

“Do we have water?” he asked.

Kibodi za simu zikiona alama ya kuuliza hudhani sentensi imekwisha, zikageuza he kuwa He. Mkiandikia simu, pitieni upya.

Nuktambili na nuktamkato zinabaki nje, hazina majadiliano:

She called it “a gift”; the auditors called it something else.

The report means two things by “access”: distance and price.

Kuhusu moja moja au mbili mbili: vitabu vya Uingereza hupenda moja moja, Marekani mbili mbili. Hiyo ni sura tu, haiamui koma ikae wapi. Mnaweza kutumia mbili mbili kwa mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza bila kuvunja chochote, na kwa ripoti ya Uganda ndivyo ningefanya, kwa sababu mbili mbili ndizo watoto wanazoziona ubaoni. Msichofanya ni kuchanganya sura hii kwa namna moja na sura ile kwa nyingine.

---

Mwl_Mbale:

Naongeza la darasani, kwa kuwa kijitabu ni cha P5 hadi P7 na wasomaji wake watakutana na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda.

Katika usemi halisi mwalimu anatazama mambo manne: alama zimefunguliwa na kufungwa, herufi kubwa inaanza maneno ya msemaji, koma inamtenga msemaji na maneno yake, na alama ya mwisho iko ndani. Kijitabu kikivunja hata moja kati ya hayo, mtoto ataamini kitabu kuliko mwalimu.

Lakini kosa kubwa kwetu halihusu koma. Ni hili:

He said that, “I am sick.”

Hiki kinapatikana kila daraja, kuanzia daftari la P6 hadi barua za ofisini. Sababu yake ni lugha zetu. Kwa Luganda unasema yagamba nti, kisha unaweza kuendelea kwa maneno yaleyale ya msemaji. Neno nti halijali kama kinachofuata ni usemi halisi au wa taarifa. Kiswahili cha mitaani nacho: akasema ati mimi naumwa. Mtoto anahamisha nti na ati, anaziita that, kisha anafungua alama za kunukuu. Kiingereza hakiruhusu. Ama uondoe that:

He said, “I am sick.”

Ama uondoe alama, ugeuze nafsi na wakati:

He said that he was sick.

Ukieleza kosa kwa kupitia nti, darasa linaelewa kwa kipindi kimoja. Ukilieleza kwa majina ya sarufi pekee, wiki ijayo linarudi.

Pili, usemi wa taarifa hauna alama ya kuuliza. He asked where the borehole was. Inaishia nukta. Watoto huibakiza ile alama kwa sababu kichwani bado wanalisikia swali.

---

Mtafiti_Mbarara:

Mwalimu kasema kweli kuhusu that, ila ripoti ina upande wa pili. Ukinukuu kipande cha sentensi, that inakubalika, na hapo hakuna koma wala herufi kubwa:

The chairman said that the road was “a shame” and that nobody had been paid.

Kipande kimeungana na sentensi yako, kwa hiyo kinafuata sarufi ya sentensi yako. Mnapotenga kipande kama hicho kwa koma mnakikata mkono.

Ndugu Mhariri hakusema kama wafadhili wanataka mtindo gani. Wakitaka APA, mtindo wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, mjadala umekwisha: APA ni ya Marekani, koma na nukta ndani. Ila kuna mtego, nao ni marejeo ya kwenye mabano. Mabano yakifuata nukuu, nukta inatoka pale ndani inakwenda kusimama baada ya mabano:

One engineer described the pump as “beyond repair” (X, 2019, p. 14).

Nukuu ikiishia alama ya kuuliza, alama hiyo inabaki ndani, na nukta bado inawekwa baada ya mabano:

The women asked, “Who keeps the key?” (X, 2019, p. 8).

Watu huogopa kuona alama mbili karibukaribu hivyo, wakafuta moja. Ziacheni zote mbili, kila moja ina kazi yake.

Nukuu ndefu kwa APA huanzia maneno 40. Ikifika hapo, ondoa alama za kunukuu kabisa, anza mstari mpya, sogeza kundi lote ndani kwa inchi 0.5, yaani sentimita 1.27. Na hapa mpangilio unageuka: nukta inakuja kwanza, mabano baadaye, na baada ya mabano hakuna kitu. Mwongozo wa Chicago, unaotumiwa na wahariri wa vitabu Marekani, unangoja maneno 100 au zaidi. MLA, mtindo wa wanaoandika kuhusu lugha na fasihi, inahesabu mistari: nathari ikizidi minne, inasogezwa.

Kosa la kawaida: kusogeza ndani na bado kuacha alama za kunukuu. Ule usogezaji wenyewe ndio alama.

---

Fundi_NasserRoad:

Namba 4 niachieni mimi.

To pay the water fee, dial “\*165#.”

Kwa desturi ya Marekani hii ni sahihi, na kwa mteja ni balaa. Atajiuliza kama ile nukta ni sehemu ya kinachobonyezwa. Vivyo hivyo kwa nywila, anwani ya tovuti, jina la faili. Chochote kinachobonyezwa herufi kwa herufi kisiwe na alama ya mtu mwingine ndani yake. Nukta nje. Au bora zaidi, ondoeni alama za kunukuu, tieni wino mzito, na mpange sentensi ili msimbo usiwe mwisho:

Dial \*165# to pay the water fee.

Mnaona, ugomvi umeondoka wenyewe.

Sasa vishale vya Bunia. Vile si kosa lao, ndizo alama za kunukuu za Kifaransa, na kwa kawaida zina nafasi ndani, kabla na baada ya maneno. Word ikiwa imewekewa lugha ya Kifaransa, mtu akibonyeza kitufe cha kawaida cha kunukuu inamletea vishale. Fanya hivi:

Kwanza chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, nenda Review, Language, Set Proofing Language, chagua Kiingereza cha Uingereza. Usiporuka hatua hii, hata mtakachoandika kesho hakitarudi kuwa vishale. Kisha Ctrl+H. Kwenye kisanduku cha kutafuta andika «^s, na cha kubadilisha weka “ ya kufungulia. Ile ^s inamaanisha nafasi isiyovunjika, ambayo ndiyo huwekwa na Word kwa Kifaransa. Bonyeza badilisha zote. Rudia kwa ^s» na ” ya kufungia. Mwisho tafuta « na » zenye nafasi ya kawaida badala ya ^s, kisha zisizo na nafasi, kwa maana kuna waandishi waliogonga nafasi ya kawaida au wasiogonga kabisa. Dakika kumi, si Krismasi.

Tukiwa hapo hapo: faili lenye waandishi wengi huwa na alama zilizonyooka na zilizopinda pamoja. Zilizopinda huzitambua kwa umbo: ya kufungulia ni kama 66, ya kufungia kama 99. Zilizonyooka ni vijiti viwili tu, hazina mbele wala nyuma. Kuzisawazisha: File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, kichupo cha AutoFormat As You Type, weka tiki kwenye Straight quotes with smart quotes. Kisha Ctrl+H, gonga alama ya kunukuu iliyonyooka kwenye visanduku vyote viwili, badilisha zote. Inaonekana kama unabadilisha kitu kwa kitu kilekile, lakini Word inazipinda zote upya. Rudia kwa alama ya moja moja.

Kisha tafuta makosa ambayo mashine haiwezi kuyaona. Word hupinda kwa kuangalia kilicho kabla: nafasi ikitangulia, inaweka ya kufungulia. Kwa hiyo ukiandika the ’90s inakuletea ‘90s, imegeukia upande mbaya, pale panatakiwa ritifaa, na ritifaa daima ina umbo la 9. Dawa: Ctrl na kitufe cha ritifaa, achia, kisha kitufe kilekile tena peke yake. Au Alt+0146 kwenye vitufe vya namba vya pembeni. Alama zote kwa Alt: 0145 na 0146 za moja moja, 0147 na 0148 za mbili mbili. Laptopu isiyo na vitufe vya namba haitakubali hiyo.

Mkileta kazi kwa mchapishaji, leteni PDF yenye fonti ndani yake. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine isiyo na fonti yenu, kitakachobadilika kwanza ni mpangilio wa kurasa, na alama zikikosa umbo kwenye fonti mbadala zinatoka visanduku. Mkiona â€œ mahali pa alama ya kufungulia, hiyo si fonti. Ni maandishi ya UTF-8 yaliyosomwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows. Fungueni upya kwa UTF-8, msianze kufuta kwa mkono.

---

Mhariri_Arua:

Asanteni sana, vishale vimeondoka vyote. Hatuna sharti la APA, kwa hiyo tumeamua: mbili mbili, mpangilio wa Uingereza, na kwenye kijitabu koma ndani daima.

Yamebaki matatu. Moja, tuna ushuhuda wa mwanakijiji wenye aya tatu. Nifunge kila aya? Mbili, kuna mahali mama anasimulia alichosema injinia, nukuu ndani ya nukuu. Tatu, msahihishaji wa tatu anatia alama za kunukuu kwenye kila neno la kienyeji: “matooke”, “boda boda”, “jerrycan”, na hata “beneficiaries”.

---

Kalamu_Nyekundu:

La kwanza: fungua mwanzo wa kila aya, funga mwisho wa aya ya tatu tu. Aya ya kwanza na ya pili zinaisha bila alama ya kufungia. Msomaji asiyezoea atadhani ni kosa la uchapaji, lakini kukosekana kwa ile alama ndiko kunakomwambia kwamba msemaji bado anaendelea. Ukifunga kila aya, itasomeka kana kwamba watu watatu wamesema. Kwa ripoti ningefuata alivyosema Mtafiti: sogeza ushuhuda wote ndani, toa alama, umtaje mwanakijiji mwishoni.

La pili: nje mbili mbili, ndani moja moja.

“The engineer told us, ‘Wait for June,’ and he went away.”

“The engineer told us, ‘Wait for June.’”

Kwenye mfano wa pili alama tatu zimebanana mwishoni. Nukta ni moja tu na inakaa ndani kabisa. Zile za kufungia zikigusana hadi zionekane tatu sawasawa, watu hutia nafasi ya kawaida katikati, kisha mstari unavunjika pale na alama moja inaangukia mstari wa chini peke yake kama yatima. Mkilazimika kutenganisha, tumieni nafasi isiyovunjika: Ctrl+Shift na kitufe cha nafasi.

Kuna sababu nyingine ya kupenda mbili mbili nje, ambayo vitabu vya Oxford havina haja ya kuifikiria. Lugha zetu zina ritifaa nyingi. Nukuu kwa moja moja neno ng’ombe, au Luganda ekitabo ky’omwana, uone:

‘ng’ombe’, ‘ekitabo ky’omwana’

Jicho linadhani nukuu imefungwa baada ya ng. Kwa mbili mbili hakuna wasiwasi:

“ng’ombe”, “ekitabo ky’omwana”

Na ikiwa neno hilo liko ndani ya nukuu ambayo tayari imefunguliwa kwa mbili mbili, msilinukuu tena. Liwekeni kwa herufi za mlazo.

Hilo la tatu ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, maana hapo hatuzungumzii tena mahali pa koma. Katika Kiingereza, alama za kunukuu kwenye neno ambalo hakuna aliyenukuliwa huleta maana ya “eti”. Ukiandika The “beneficiaries” received water, umesema kwa Kiingereza kwamba hao eti wanufaika walipata maji. Mfadhili atasoma dhihaka au tuhuma ambayo hukuikusudia. Ni ugonjwa uleule wa vibao vya dukani: “FRESH” FISH. Aliyechora alitaka kukazia, na mteja anayekijua Kiingereza anashika pua. Kukazia ni kazi ya wino mzito au herufi kubwa.

Matooke na boda boda ni maneno ya Kiingereza cha Uganda, hayahitaji chochote. Jerrycan ni Kiingereza cha dunia nzima. Neno la kienyeji ambalo msomaji wa nje hatalijua litiwe herufi za mlazo mara ya kwanza, lielezwe palepale, kisha liandikwe kama maneno mengine.

Mahali ambapo alama hizo ni halali bila kumnukuu mtu ni mnapozungumzia neno lenyewe, kama nilivyofanya juu na “access”, na kwenye majina ya vitu vifupi: makala, shairi, wimbo, sura ya kitabu. Kitabu kizima, gazeti au ripoti huchukua herufi za mlazo. Jina la makala likija mwisho wa sentensi, kanuni yenu ya Uingereza inaendelea kazi yake: nukta nje, kwa sababu jina halikuwa na nukta.

---

Mwl_Mbale:

Swali dogo kwa Kalamu. Wanafunzi huniuliza: kama akili iko upande wa Uingereza, Marekani walipata wapi hii ya kuingiza kila nukta?

---

Kalamu_Nyekundu:

Mwalimu, ni suala la jicho, si la maana. Nukta na koma ni ndogo na hukaa chini ya mstari, alama ya kufungia inaning’inia juu. Nukta ikibaki nje inaonekana imeachwa mbali, peke yake na weupe mtupu juu yake. Wachapaji waliipenda ikiwa imeingia chini ya kivuli cha alama, na Marekani ikaifanya sheria. Ukumbuke mpangilio wa maana nao ulihitaji kutetewa Uingereza kwenyewe: ndugu wawili, H. W. Fowler na F. G. Fowler, waliutetea kwenye kitabu chao cha mwaka 1906, na mwaka uleule toleo la kwanza la mwongozo wa Chicago likatoka ng’ambo ya pili. Leo hata Wamarekani wanaoandika mambo ya kompyuta mara nyingi huacha nukta nje, kwa sababu ileile ya \*165#.

Darasani ningesema tu: desturi hii inaangalia mwenye alama, ile inaangalia sura ya ukurasa. Wanafunzi wataelewa.

---

Fundi_NasserRoad:

Mhariri, jambo moja ambalo hukuuliza lakini litakugharimu. Mkituma matangazo ya ripoti kwa wanavijiji kwa SMS, msinakili kutoka Word. Alama zilizopinda hazimo kwenye herufi za kawaida za SMS. Ikiingia hata moja, hata ritifaa moja iliyopinda ndani ya ng’ombe, ujumbe wote unabadilishiwa usimbaji, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unakuwa watatu, maana zikiunganishwa kila kipande hubeba 67 tu. Zidisha kwa idadi ya wanavijiji. Alama zilizonyooka zimo, hazina gharama ya ziada. Bandika kwanza kwenye Notepad, badilisha zote kuwa zilizonyooka, ndipo utume.

---

Mhariri_Arua:

Na ujumbe tuliotayarisha una nukuu tatu na ng’ombe wawili. Nakwenda kuunyoosha sasa hivi.